Mkaja wa Mama Rukia

Juzi binti mmoja nisiyemjua kaniandikia kwenye simu: "Shikamoo dada. Nasikia ulikuwa unauza dawa ya kukata tumbo Ngamiani. Naomba unipe hiyo dawa, harusi ya kaka yangu iko mwezi ujao." Sijamjibu bado. Kwa kawaida nawajibu upesi, kwa sababu jibu ni fupi. Safari hii nimeona kwanza niandike haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaoniuliza kila wiki.

Mjue kwanza anayesema nanyi. Mimi ni mstaafu. Mtacheka, maana sijafika hata miaka arobaini, lakini kazi ya ukandaji inakula vidole gumba, na vyangu viliisha mapema. Nikitaka kufungua chupa ya maji naomba msaada. Siku hizi nafundisha vipindi vichache vya biolojia kule Pongwe, na chaki naishika kwa vidole vya katikati kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Miaka kumi na moja nilikanda migongo, nilitwanga majani na kuwafunga watu matumbo. Kustaafu nimestaafu. Iliyokosekana ni sherehe ya kuagwa tu.

La pili, msiniamini. Mkisoma jambo humu mkaona halikai sawa, ulizeni. Hata mimi nilidumu katika kazi hii kwa kuuliza, na mahali nilipokosea sana ni pale nilipoacha kuuliza nikadhani nimeshajibiwa.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya sayansi, nikaandika barua za kuomba kazi, zikanyamaza. Mama akanituma kwa Bi Tatu, mdogo wake bibi yangu, aliyekuwa akikaa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne. "Kamsaidie kutwanga huku unasubiri," alisema. Bi Tatu alikuwa mkandaji. Waliojifungua aliwakanda na kuwafunga tumbo kwa siku arobaini. Wengine walimjia na shingo zilizokaza, na migongo, na matumbo yaliyotoka yenyewe pasipo mtoto. Chumba chake cha mbele kilikuwa na kitanda cha kamba cha kukandia, kinu, na rafu ya chupa: mdalasini, uwatu, habasoda, mchaichai mkavu, kivumbasi.

Siku ya kwanza alinipa mchi. Nikamuuliza tunatwanga nini.

"Chai ya kiuno."

"Inafanyaje kazi, Bibi?"

"Ukiinywa."

"Nani amethibitisha?"

Akaweka ungo chini, akanitazama kama anayetazama mtama uliooza. "Huko chuoni walikufundisha kutwanga?"

"Hapana."

"Basi anza na usilolijua. Hayo ya kuthibitisha tutayakuta mbele."

Tangu hapo jina langu likawa Bi Kwanini. Wateja walinisalimia hivyo mlangoni, na watoto wa mtaa wakalichukua.

Msidhani nataka kumsifu Bi Tatu hapa kuliko anavyostahili. Alikuwa anakosea. Aliamini maji baridi yanagandisha mafuta tumboni kama yanavyoganda kwenye sufuria ya jana. Nikamweleza kwamba tumbo lina joto lake, maji yakifika humo yanapashwa. "Basi kunywa, uone," akasema. Nikanywa maji ya friji mwezi mzima mbele ya macho yake. Sikuganda. Akasema ni kwa sababu sina mafuta ya kugandisha. Na ile chai ya kiuno niliifuatilia kwa daftari miezi kadhaa: nani anakunywa, nani anakunywa na kutembea, nani anakunywa na kulala mapema. Ilikuwa mchaichai, tangawizi na mdalasini kidogo, bila sukari. Waliokunywa huku wamekaa walikwenda haja ndogo mara nyingi zaidi, basi. Waliokunywa mahali pa soda na andazi la saa kumi, wakarudi sokoni kwa miguu, wakapata usingizi wa kutosha, kiuno kilipungua polepole.

Nikampelekea habari hiyo nimejaa ushindi. "Kwa hiyo chai yako si kitu, Bibi."

"Mkono ulioshika kikombe haushiki andazi," akasema bila kuinua macho. "Kwani wewe ulidhani miaka yote hii nauza majani?"

Hilo ndilo jibu fupi ninalowapa wengi wenu. Hakuna jani linalokata tumbo. Kuna majani yanayokukalisha kitako, kuna harufu inayokutuliza, kuna saa nzima kitandani mwa mkandaji ambayo hakuna anayekuita jina kuagiza kitu. Hayo si madogo. Ila yana mipaka, na mipaka hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Lazima kwanza mjue mkaja. Ni kitambaa kirefu, chembamba, ambacho mwanamke hufungwa tumboni baada ya kuzaa. Binti akiolewa, upande wa bwana harusi humletea mama wa bibi harusi mkaja mpya, kama kumwambia: tunajua tumbo lako lilibeba. Bi Tatu aliutumia mkaja kupimia pia. Kila mteja alileta wake. Alimzungushia kitovuni, na pale ncha ilipokutana na kitambaa alipitisha uzi mwekundu na kupiga fundo dogo. Mteja akija tena, fundo jingine. Mafundo yakirudi nyuma, tumbo linapungua. Yakisogea mbele, linakua. Mikaja ilining'inia ukutani, na kila mtu aliujua wake.

Nilileta tepu ya fundi, yenye namba, kwa kuwa niliona uzi ni mambo ya kale. Baada ya wiki chache nikagundua jambo la aibu: niliowapenda niliwakaza tepu zaidi, ili wafurahi. Bi Tatu aliupima mkaja huku akitazama nje barabarani, na mkono wake haukumpendelea mtu. Tepu nikaiweka kando. Mtu anayejiita mwenye shaka anatakiwa ashuku na vidole vyake.

Sasa, katika mwaka wangu wa nne nilikutana na neno kotisoli.

Huenda ninyi mnalijua, maana siku hizi kila simu inalitaja. Mwili ukipata hofu au mashaka, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo hutoa homoni hiyo. Kazi yake ni njema: inakuamsha asubuhi, inakupa nguvu ya kukimbia. Nikasoma kwamba ikizidi kwa muda mrefu huvuta mafuta kukaa tumboni na kuamsha hamu ya vitamu. Nilifurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Ndiyo sababu wanakuja! Wanawake wenye waume wasiotulia, wenye wagonjwa nyumbani, wanaolala saa nne na kuamka saa tisa kukaanga vitumbua. Nikaandika ubaoni nje kwa chaki: TUMBO LA MAWAZO LINATIBIKA.

Bi Tatu alikuwa akinisikia nikiwahubiria wateja. Siku moja akauliza, "Huyu Kotisoli unayemsema kila siku ni wa wapi? Wa Pangani?"

"Ni homoni, Bibi. Kila mtu anayo."

"Mbona unamsema kama shetani? Kama kila mtu anaye, basi ana kazi yake."

Nikamcheka. Leo namnukuu darasani.

Mama Rukia alitujia wakati huo wa chaki. Alikuwa fundi cherehani wa Tongoni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, mwenye uso wa mviringo unaong'aa. Binti yake Rukia alikuwa ameposwa, na mama alitaka kiuno kabla ya harusi. "Nikisimama kupokea mkaja wangu," alisema, "wasije wakaniuliza kama nina mtoto mwingine humu ndani." Tukacheka wote. Akaeleza kwamba tumbo limekuja ghafla mwaka huo, na watu wanamsifu amenawiri, uso umejaa, lakini miguu inazidi kuwa myembamba na akipanda ngazi mapaja yanatetemeka. Halali vizuri. Njaa haimwachi.

Nilikuwa na fomu yangu ya maswali. Nikamuuliza: unatumia dawa yoyote?

"Hapana."

Ya hospitali? Ya asili? Ya kunywa, ya kupaka?

"Hapana, mwanangu. Mimi na dawa wapi na wapi."

Nikaandika: hapana. Nikamweleza kotisoli, nikampangia matembezi ya asubuhi, kulala saa tatu, kupunguza wali wa usiku na bada, ule ugali wa muhogo, chai mahali pa soda, na kukandwa kila Alhamisi. Mume wake alikuwa mbali kikazi na harusi ilikuwa juu yake peke yake, kwa hiyo sababu ya mawazo ilikuwepo, imekaa mahali pake, inanisubiri niione. Nilipenda sana jinsi kila kitu kilivyoingiana.

Wiki ya tatu fundo la uzi lilikuwa limesogea mbele. Wiki ya tano, mbele zaidi. Bi Tatu alimkanda, na alipomaliza akaniita pembeni kwenye kinu.

"Ngozi yake imekuwa kama ganda la kitunguu," alisema. "Nikibonyeza inabaki na doa. Na ubavuni ana michirizi ya zambarau. Hilo si tumbo la mawazo. Mimi nimekanda wenye mawazo tangu wewe hujazaliwa."

"Ni nini, basi?"

"Sijui."

Hili nalitaja kwa heshima yake, maana ni neno gumu katika kazi yetu. Na mimi nilifanya nini na lile "sijui" lake? Nililiruka. Nikarudi kwa Mama Rukia nikakaa mbele yake na daftari, nikamwambia kwa sauti ya mwalimu kwamba namba hazidanganyi, mafundo hayadanganyi, kwa hiyo anayedanganya ni mwingine.

"Unasema mimi mwongo?"

"Nasema labda usiku unakula usichoniambia."

Machozi yalishuka kwenye ule uso wa mviringo, akajifuta kwa ushungi, akavaa viatu. Alipofika mlangoni akasema, "Natembea mpaka kule kwenye magofu ya kale na kurudi kila alfajiri, mwanangu. Mbwa wote wa Tongoni wananijua."

Bi Tatu hakunisema. Aliendelea kupepeta. Usiku ule sikulala. Kesho yake mchana nilipanda bodaboda kwenda Tongoni kumwomba radhi.

Nilimkuta akishona. Mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani, ukienda bila kusita. Nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelishangaa: mwaka uliotangulia, kabla hajawa mteja wetu, nilikuwa nimemwona Ngamiani akishuka ngazi za duka la vitambaa kwa kushikiliwa. Magoti. Kila mtu alijua Mama Rukia ni mgonjwa wa magoti.

"Magoti yako yalipona na nini?" nikauliza.

Mguu ukasimama. "Mungu tu."

"Mungu na nani?"

Akakata uzi kwa meno. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye kabati la nguo, akatoa chupa ya plastiki ya unga wa kahawia, kijiko kikiwa ndani. "Hii si dawa," alisema. "Hii ni ya somo yangu."

Kwa wasiokulia pwani: somo ni mwanamke mkubwa anayemfunda msichana anapovunja ungo na anapoolewa, na hubaki msiri wake mpaka kifo. Alichokupa somo hukisemi, si kwa mumeo, si kwa mama yako. Fomu yangu nzuri ilikuwa imepita juu ya mlango huo bila kuuona. Mama Rukia hakuwa ameniongopea. Alikuwa ametunza kiapo cha miaka thelathini.

Kijiko kimoja asubuhi, alisema, tangu kabla ya Maulidi ya mwaka uliopita. Magoti yalinyamaza ndani ya siku tatu. Nikaumimina unga kwenye sahani nikautawanya kwa kidole. Harufu ya uwatu, karafuu, magome ya kitu. Na katikati, chembe nyeupe iliyokosa kusagwa vizuri, upande mmoja umechongoka, upande wa pili una mstari ulionyooka wa kukatia. Jani halioti na mstari. Hicho kilikuwa kipande cha kidonge.

Nilijua mara moja. Kuna vidonge vya hospitali vya jamii ya steroidi, vinavyofanya kazi kama kotisoli yenyewe. Huondoa maumivu upesi, huamsha njaa, na mtu akivitumia ovyo kwa muda mrefu huvimba uso na tumbo, ngozi ikawa nyembamba. Mtu alikuwa amevisaga akavichanganya na viungo. Nikajikuta nimesimama. Nilikuwa na furaha, wadogo zangu, na siwafichi: furaha ya kuwa sahihi. Nikachukua ile chupa, nikaenda nayo chooni, nikamwaga unga wote, na chembe yangu nyeupe pamoja nao. Nikaisuuza chupa.

"Usiguse tena kitu hiki," nikamwambia. "Hata kijiko kimoja."

"Na magoti?"

"Magoti tutayakanda."

Nilirudi Ngamiani nikamsimulia Bi Tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Umemwaga wote?"

"Wote."

"Haya," akasema, lakini hakutabasamu.

Siku ya nne Rukia alipiga simu asubuhi. "Dada, mama hainuki. Anatapika hata maji. Akikaa anaanguka. Tunampeleka hospitali."

Mnaosoma sayansi mtanielewa haraka kuliko nilivyojielewa mimi. Ukurasa uleule nilioupenda, ule wa kotisoli, chini yake ulikuwa na aya kuhusu watu wanaomeza steroidi kwa muda mrefu. Mwili ukiona homoni inaingia kwa kijiko kila siku, zile tezi za juu ya figo hulala. Ukiondoa kijiko ghafla, hazijui kuamka. Mtu anabaki hana kotisoli kabisa, na bila hiyo presha hushuka na mtu anaweza kufa. Ile aya niliiruka kwa kuwa haikusema habari za viuno. Niliikumbuka nikiwa nyuma ya bodaboda, Bi Tatu akitufuata kwenye nyingine, kanga yake ikipeperuka.

Hospitalini tulimkuta Mama Rukia kitandani, midomo mikavu, macho yamefumbwa. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Rukia alikuwa amesimama ukutani, na kitini karibu na kitanda amekaa mama mnene mwenye hina mpya mikononi, anamshika mgonjwa mkono. Huyo alikuwa Bi Saumu, somo mwenyewe.

"Alikuwa anatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Hatumii dawa," Rukia akasema.

"Hajawahi," Bi Saumu akasema. "Mimi ndiye somo yake. Ningejua."

Nikasema alikuwa anatumia unga, nadhani una steroidi ndani, na ameacha siku nne. Daktari akanigeukia. "Uko wapi?"

"Niliumwaga."

"Uliumwaga wapi?"

"Chooni."

Alinitazama, na sitausahau mtazamo ule. Bi Saumu akapaza sauti. "Huyu ndiye msichana wa chai! Huyu ndiye aliyemwita mwenzangu mwongo! Daktari, wamemkausha kwa majani yao, sasa wanatafuta wa kumsingizia."

Rukia alinitazama na kisha akamtazama somo wa mama yake. Ilikuwa wazi anamwamini nani. Hata mimi ningekuwa yeye ningemwamini Bi Saumu. Daktari alikuwa ameshaweka dripu na anauliza habari za homa, malaria, chakula cha jana, na mimi naona dakika zinakwenda.

Bi Tatu ndiye aliyesogea. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa na Bi Saumu, goti kwa goti, wakawa kama wanawake wawili wanaopembua mchele.

"Saumu."

"Abee."

"Mimi na wewe tumefunda wangapi?"

"Wengi."

"Uliwahi kumfunda mwari afe na siri?"

Bi Saumu akaukaza ule mkono wa mgonjwa.

"Siri ya somo ni ya kumfunika mwari aibu. Hapa hakuna aibu. Hapa kuna mtoto wa mtu anaolewa baada ya wiki tatu. Nani atapokea mkaja? Utaupokea wewe?"

Ule mkono wenye hina ukaachia mkono wa mgonjwa. Bi Saumu alilishika pindo la kanga yake, alipofunga vitu vyake, akalifungua taratibu. Mlikuwa na noti iliyokunjwa, tasbihi, na kikaratasi kilichosokotwa chenye unga wa kahawia. Akamnyooshea daktari kile kikaratasi. "Niliununua gulioni. Waliniambia ni miti ya Yemeni. Wallahi, sikumpa nisichokula mwenyewe."

Daktari aliumimina kwenye kiganja, akaufukua kwa kalamu. Chembe mbili nyeupe. Akamwita muuguzi, na baada ya muda mfupi Mama Rukia alichomwa sindano kwenye mpira uleule wa dripu. Ilikuwa ni homoni ileile niliyokuwa nimeiandika ubaoni kama adui.

Daktari, aliyekuwa akitoka, akarudi. Alimtazama Bi Saumu, uso wake wa mviringo unaong'aa, vifundo vyake vyembamba vya miguu. "Na wewe mama," alisema, "unautumia tangu lini?"

"Magoti yangu ndiyo yaliyoanza."

"Usiuache leo. Usimwage. Keti hapo, nakuja kukuandikisha."

Jioni ile Mama Rukia aliomba uji. Alipewa dawa ya kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, mpaka zile tezi zikumbuke kazi yao. Muuza unga tulimtolea taarifa, lakini gulioni hakuonekana tena.

Nilikwenda Tongoni kumwomba radhi mara ya pili. Alinisikiliza, mikono juu ya cherehani.

"Uliniita mwongo kwanza, ukataka kuniua baadaye. Unaomba radhi ya ipi?"

"Zote mbili, mama."

"Haya. Shika huo upindo, unyooshe. Radhi ya maneno nimechoka nayo."

Harusini alikaa mbele na tumbo lake lote. Alipopewa mkaja mpya alijifunga palepale juu ya dera, vigelegele vikapigwa, na hakuna aliyeuliza habari za mtoto. Ule mkaja wake wa zamani ulibaki ukutani kwetu. Mwaka uliofuata nyuzi zake zilianza kurudi nyuma, moja moja. Magoti yaliuma tena, na anayakanda, na anavumilia, na siku nyingine analalamika mpaka cherehani inasimama.

Sisi tulibadilisha jambo moja tu. Fomu yangu niliichana. Mteja akija, kabla ya kumlaza, tulimuuliza: "Nani anakupenda, na amekupa nini ule, unywe au ujipake?" Hamwezi kuamini kinachotoka kwenye swali hilo. Mama mkwe, shoga, mchungaji, mume, jirani aliyetoka Mombasa. Watu hatutaji kama dawa kile tulichopewa kwa mapenzi. Na kama kitu kilikuwa kinatia shaka, hatukukimwaga wala hatukumwambia mtu akiache. Tulikifunga kwenye mfuko, tukaenda naye hospitali.

Bi Tatu bado yupo, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Jana nilimsomea ujumbe wa yule binti wa harusi ya kaka. "Mpe chai," alisema. Halafu akaongeza: "Ila muulize kwanza."

Basi leo nimemwandikia. Sikumpa dawa. Nimemuuliza lile swali letu, neno kwa neno. Nikaona kwenye kioo cha simu kwamba anaandika. Akaacha. Akaandika tena, muda mrefu, mpaka nikaweka simu chini nikaendelea na ukurasa huu.

Kilichokuja hakikuwa na neno hata moja. Ni picha: chupa ya plastiki, unga wa kahawia nusu, kijiko ndani.

Nimemjibu: "Usimwage. Usiache. Usiogope. Niambie unakaa wapi, nakuja sasa hivi."